Tulivyomfunga mtoto jicho silo: kisa cha makengeza ya mpwa wangu, Sepuka, enzi za Mwingereza

Wakuu, salaam.

Wenye umri wangu humu sidhani kama tunafika watano, kwa hiyo shikamoo zenu nazipokea kwa jumla. Marahaba. Tuendelee.

Jana nimeona mama mmoja kijana kauliza humu kama makengeza ya mtoto wake wa miaka minne yataisha yenyewe akikua. Majibu yalikuwa mengi. Nusu walimwambia yataisha. Mmoja kasema ni dalili ya akili nyingi. Mwingine alikuwa anauza mafuta.

Nikaona nisinyamaze. Nitakayoyasema nimeyaona kwa macho yangu mawili, na yote mawili yanaona, nimeyapima. Asiyeamini asiamini, lakini sijaongeza chumvi.

Mimi si daktari. Shule niliacha darasa la pili. Mwalimu alichoka na maswali yangu, na mimi nikachoka na majibu yake. Toka hapo nimekuwa mtu wa kuzunguka. Nimevunja kokoto za reli, nimekata mkonge, nimeuza chumvi, nimechunga ng'ombe wa watu ambao leo siwakumbuki majina.

Wakati wa kisa hiki nilikuwa utingo wa lori la Mhindi mmoja mwenye duka Singida mjini. Tulikusanya karanga na ngozi vijijini, tukazipeleka Manyoni kwenye treni, tukarudi na sabuni, vitambaa na mafuta ya taa. Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya Mwingereza. Nilikuwa kijana, sina mke, sina shamba, na kila kitu nilitaka kujua kinafanyaje kazi.

Dada yangu Zaituni alikuwa ameolewa kijiji cha Sepuka, huko huko Singida. Mtoto wake wa kwanza aliitwa Salima. Alizaliwa macho sawa kabisa. Alipofika kama miaka mitatu jicho la kushoto likaanza kuvutwa kwenda puani. Mwanzoni lilikwenda na kurudi, hasa akichoka. Baadaye likakaa huko huko.

Watu wakawa na maelezo.

Wengine walisema dada alipokuwa na mimba alimcheka mtu mwenye makengeza mnadani. Dada hakumkumbuka mtu huyo, lakini kadiri alivyoulizwa ndivyo alivyoanza kumkumbuka. Mwishoni alikuwa anajua hadi rangi ya shuka lake.

Wengine walisema alimbeba mgongoni upande mmoja tu. Watoto wenzake hawakuwa na maelezo. Wao walimwita "Tazama Pua", wakaendelea na mchezo.

Mwenye sauti ya mwisho pale nyumbani alikuwa mama mkwe wa dada, Bibi Mwajuma. Mwanamke mrefu, mkavu, asiyecheka na asiyerudia neno. Mimi aliniita Mzururaji. Hakuwa na ubaya, alikuwa anataja kazi yangu tu.

Siku moja nikawaambia kwamba Manyoni nimesikia habari za hospitali ya wamisheni kule juu Kilimatinde. Kuna Sista wa Kizungu amekuja, anajua macho. Watu wanatoka mbali.

Bibi akaniuliza, "Umemwona mwenyewe, au umeambiwa na matairi?"

Nikasema nimeambiwa na watu watatu tofauti.

"Watatu," akasema. "Haya."

Dada alikuwa na mtoto mchanga, hawezi safari. Shemeji alikuwa kwenye mavuno. Kwa hiyo Bibi akaamua kumpeleka Salima mwenyewe, na mimi niwapakie kwenye lori juu ya magunia. Akachukua kuku mmoja wa kumpa Sista. Safari nzima kuku alikaa kimya kuliko sisi.

Sasa hapa wakuu naomba mtulie, maana ndipo palipoharibika.

Msaidizi wa Sista alikuwa dresa mmoja, Mgogo, jina lake Yona. Kijana nadhifu, kaptura imepigwa pasi, viatu vyeusi. Sista alikuwa hajui Kiswahili vizuri, kila kitu kilipita kwa Yona.

Na kama mnavyojua, sisi Wanyaturu na Wagogo ni watani. Vijana wa leo mnadhani utani ni kutaniana tu. Zamani ulikuwa na sheria zake. Mtani anakutukana, hukasiriki. Anachukua kitu chako, humdai. Ukifa anakuja msibani anajilaza kaburini, na ndugu zako ndio wanaomwomba atoke.

Bibi alipomwona tu Yona akaanza, hata hatujakaa.

"Mgogo amevaa viatu. Umemwibia nani?"

Yona hakutabasamu. Alikuwa anaandika kwenye daftari. "Aliniachia Mnyaturu mmoja, marehemu. Vilikuwa vipya. Alikuwa anavibeba kichwani visichafuke."

"Huyu kuku si wako."

"Najua bibi. Wangu ni yule atakayekuja na msiba wako."

"Nikifa usije. Nitawaambia waanike sufuria mbali."

"Sufuria moja na watu kumi na wawili. Nitawahurumia, nitawaachia mfuniko."

Wagonjwa wote kwenye benchi walikuwa wanacheka. Mimi mwenyewe mbavu zilikuwa zinauma. Wao wawili peke yao ndio waliokuwa wamekaza sura, kama watu wanaozungumzia mipaka ya shamba.

Kisha Sista akaja. Akamkalisha Salima kwenye kiti, akammulika na tochi ndogo, akatazama doa la mwanga lilipokaa kwenye kila jicho. Akachukua kipande cha kadi. Akaziba jicho la kushoto, lile la makengeza. Salima akatulia, akamtazama kama hakuna kilichotokea.

Akaziba la kulia, lile zima. Salima akaisukuma kadi. Akaziba tena. Akaisukuma tena na kuanza kulia.

Mimi hili nililiona, likanikaa kichwani. Sikujua maana yake.

Sista akamwuliza Yona umri wa mtoto. Bibi akajibu kwamba amezaliwa mwaka wa nzige wachache. Yona akafanya kama walivyofanya shuleni enzi zile kwa watoto wasio na cheti. Akamwambia Salima apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa aguse sikio la kushoto. Vidole vikaishia juu kidogo ya sikio. Bado kidogo tu afike miaka saba.

Sista akasema maneno mengi. Yona akatafsiri hivi, nayakumbuka:

"Jicho hili la kushoto halijafa. Limelala. Kwa kuwa halitazami sawa na mwenzake, kichwa kimeamua kutolisikiliza. Likiachwa hivyo, mtoto akishafika miaka saba au minane, hakuna atakayeweza kuliamsha tena. Sasa dawa ni kumfunga hili zima, la kulia. Asubuhi mpaka alasiri, kila siku. Lile bovu lilazimike kufanya kazi. Baada ya miezi mitatu mrudi."

Bibi akamtazama.

"Nimfunge linaloona."

"Ndilo hilo."

"Linaloona."

"Ndiyo bibi."

"Na wewe mguu mmoja ukikuuma, unakata ule mwingine?"

Hapo Yona angejibu tu "hapana," mambo yangekuwa mengine. Lakini alikuwa mtani, na mtani hawezi kuliacha swali kama lile likapita. Akasema, sura ile ile ya daftari:

"Wanyaturu ndivyo tunavyowatibu. Ndiyo maana mko wachache."

Benchi zima likacheka. Nami nikacheka. Sista akatabasamu kwa adabu, hajui kinachoendelea, akaita mgonjwa mwingine.

Njiani Bibi akasema neno moja tu, tukiwa juu ya magunia ya chumvi. "Yule Mgogo alidhani nitamfunga mtoto jicho zima, arudi kijijini anaangukia mitungi ya pombe, watu wanicheke mpaka nife ndipo aje achukue sufuria."

Nikasema, "Ni kweli Bibi."

Wakuu, hayo maneno matatu ndiyo yaliyoniketisha leo kuandika. Nilikuwa nimeiona kadi. Nilimwona mtoto akilia. Nikasema ni kweli Bibi.

Tulipofika Sepuka, Bibi akachana kipande cha kaniki, akakishona vizuri na utepe wa kuzunguka kichwa, akamfunga Salima jicho la kushoto. Lile lile lililolala.

Kwa mtu wa kwetu hiyo ndiyo ilikuwa akili. Mbuzi akivunjika mguu unaufunga uliovunjika. Kidole kikikatika unakifunga kilichokatika. Kinachofungwa ni kile kinachoumwa.

Na ilionekana kama dawa imekubali. Salima hakulia hata siku moja. Alikimbia, alicheza, alibeba mdogo wake. Makengeza hayakuonekana tena maana yalikuwa ndani ya kaniki. Watoto wakaacha kumwita Tazama Pua. Dada yangu akanenepa. Majirani wakaanza kuuliza hospitali yenyewe iko upande gani.

Kila mtu alifurahi, na jicho likaendelea kulala, safari hii gizani.

Nisubirini kidogo, chaji imefika nyekundu.

Nimerudi. Naona mkuu mmoja hapo juu kauliza, inawezekanaje jicho lisilo na kidonda wala ukungu lisione. Swali zuri. Nilikuja kuelezwa na mtaalamu wa macho miaka mingi baadaye, nami nakueleza kama nilivyoelewa.

Kuona hakuishii jichoni. Macho mawili yanapeleka picha mbili, ubongo unaziunganisha. Jicho moja likipinda, picha mbili zinakuwa hazifanani. Mtu mzima hapo ataona vitu viwiliviwili na kizunguzungu juu. Mtoto ubongo wake bado unajifunza, kwa hiyo unachagua picha moja na kuipuuza nyingine. Ile inayopuuzwa, njia yake haikomai. Jicho ni zima, lakini hakuna anayelisikiliza. Ndiyo maana kuna umri wa kuwahi. Baada ya hapo ubongo unakuwa umeshazoea.

Turudi kwenye lori.

Mimi nina ugonjwa mmoja, jambo nisilolielewa haliniachi. Ile kadi haikuniacha. Kwa nini mtoto alilia lilipozibwa la kulia na hakulia lilipozibwa la kushoto?

Nikakata kipande cha boksi la sabuni. Nikaanza kuwaziba watu. Nikamziba dereva, kulia, kushoto. Hakulia. Aliniambia nikirudia nitatembea kwa miguu mpaka Manyoni. Nikawaziba wapagazi wa stesheni. Nikamziba mtoto wa tajiri wangu pale dukani, mama yake akatoka akaniuliza kwa Kiswahili chake kama nimelewa. Hakuna aliyesukuma boksi. Kila mmoja, jicho lolote, aliendelea kuniona vilevile.

Ilikuwa yapata wiki ya tisa lori lilipopita tena Sepuka. Jua la saa saba. Bibi alikuwa kisimani. Salima alikuwa uani, kaniki yake jichoni, anamsimulia mdogo wake jambo.

Nikamwita. Nikamfungua kaniki, nikamziba jicho la kulia kwa lile boksi.

Akageuza kichwa huku na huku. Kisha akasema:

"Mjomba, nani anachoma majani?"

Hakuna aliyekuwa anachoma majani. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua.

Nikatoa karanga mfukoni, nikaishika mbele ya uso wake. "Chukua."

Mkono wake ukapita pembeni ya wangu, ukafumba hewa. Akajaribu tena. Ukafumba hewa.

Kisha akaanza kulia na kulisukuma boksi, kama alivyofanya kule Kilimatinde. Nikamfunga kaniki yake kama nilivyoikuta. Akanyamaza, akaichukua ile karanga, akaila.

Nikamwendea dada, yuko jikoni. Nikamweleza. Akaacha kusonga ugali. Akaniambia, "Mwambie mwenyewe mama. Mimi siwezi kwenda kumwambia mama mkwe wangu kwamba amemfunga mjukuu wake vibaya. Wewe unapanda lori unaondoka. Mimi nabaki."

Bibi aliporudi nikamwambia. Alitua mtungi kwanza, akaweka kata juu yake.

"Kwa hiyo Mgogo amekupata na wewe," akasema. Mazungumzo yakaishia hapo.

Basi lori lilipofika Manyoni nikamwomba dereva siku moja. Nikapanda mlima kwa miguu mpaka Kilimatinde. Nikamkuta Yona anachemsha sindano.

Aliponiona akasema, "Mnyaturu, umekuja kunitangulizia sufuria?"

Nikamwambia, "Siku ile ulisema tumfunge mtoto jicho zima. Ilikuwa dawa au utani?"

Akanitazama. "Mmemfunga lipi?"

"La kushoto."

Alikuwa ameshika beseni la sindano. Alitafuta mahali pa kulitua akalitua sakafuni. "Toka lini?"

"Toka tulivyorudi. Wiki ya tisa hii."

Alikaa kwenye benchi la wagonjwa. Mimi nikabaki nimesimama, sijui niweke wapi mikono. Akasema, "Ule mguu. Nisingemjibu ule mguu."

Nikamwambia aje mwenyewe amweleze. Akakataa. Akasema akienda yeye, kila atakalosema ni utani. Akiapa, atakuwa ameapa kitani. Akilia, Bibi atasema Mgogo anajua kulia. Nikasema Sista aandike barua. Akaniuliza nani ataisoma. Nikasema mimi. Hapo nikajisikia mwenyewe, msomaji wa darasa la pili.

Kisha akaingia ndani akazungumza na Sista. Aliporudi uso wake haukuwa wa daftari. Akasema, "Sista anasema bado kuna nafasi, ila si kubwa, na kila wiki inapungua. Sasa sikiliza. Usimwambie kitu yule bibi. Mpe kadi mkononi, azibe mwenyewe. Akiona mwenyewe hakuna mtani atakayekuwepo hapo."

Nikarudi Sepuka. Sikusubiri mzigo, nilitembea sehemu kubwa ya njia kutoka Singida.

Nikamkuta Bibi anapepeta karanga uani. Dada yupo, shemeji Athumani yupo. Nikatoa boksi langu la sabuni, nikamwomba Bibi amzibe Salima mwenyewe.

Akasema, "Mtoto yeyote ukimziba jicho analia. Ni mtoto."

Nikasema, "Basi tuzibe watu wazima."

"Ili iweje?"

"Ili unicheke, Bibi."

Hilo alilikubali. Akaweka karanga chache kwenye ungo, tukae mbali nao kama hatua mbili, kila mtu ahesabu kwa jicho moja, kisha kwa lingine. Shemeji akaziba kulia, akasema sita. Akaziba kushoto, akasema sita. Dada vilevile. Mimi vilevile.

"Mmeona," Bibi akasema. "Jicho ni jicho." Akachukua boksi ili amalize jambo. Akaziba la kushoto. "Sita."

Akaziba la kulia.

"Nani ameondoa karanga?"

Tukatazamana. Shemeji akasema, "Hakuna aliyeondoa, mama."

"Ungo nauona. Karanga umeweka wapi, Mzururaji?"

"Zipo, Bibi. Sijagusa."

Akaondoa boksi. Sita, palepale. Akaziba tena la kulia. Akainama mbele. Akaondoa. Akaziba. Alifanya hivyo mara nne, taratibu, kama mtu anayefungua na kufunga mlango wa chumba alichokuwa hajui kama kipo ndani ya nyumba yake.

Macho ya Bibi Mwajuma, wakuu, hayakuwa na makengeza ya kuonekana. Yalikuwa macho ya kawaida ya bibi yeyote. Ameolewa nayo, amelima nayo, amezaa nayo watoto saba na kuzika wawili. Moja lilikuwa halioni karanga hatua mbili, na hakuna aliyejua, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Angejuaje? Nani anaamka asubuhi aanze kuziba jicho moja moja?

Akamwita Salima. Akamfungua kaniki. Akamziba jicho la kulia kwa kiganja chake, akamwonyesha vidole. "Vingapi?"

Salima akasema, "Bibi, toa mkono."

"Vingapi?"

"Toa mkono, Bibi. Kuna moshi."

Akamfunga ile kaniki upande wa kulia. Akakaza fundo. Salima akaanza kulia, Bibi akamkalisha kando yake, akarudi kwenye ungo.

Yaliyofuata sikuyaona yote, nilikuwa njiani. Lakini kila lori lilipopita nilipewa habari.

Wiki za kwanza zilikuwa mbaya. Salima aligonga miti, aligonga mbuzi, aliangusha mtungi. Alikuwa anaitoa kaniki, Bibi anairudisha. Majirani wale wale waliouliza hospitali iko wapi wakaanza kusema mama mkwe wa Zaituni anamtesa mjukuu. Mmoja alikwenda mpaka kwa jumbe. Jumbe akaja kuuliza kwa nini mtoto anafungwa jicho linaloona. Bibi akampa boksi la sabuni, akamwambia azibe yake kwanza, ndipo wazungumze. Jumbe hakukaa sana.

Dada aliniambia kuna siku alishindwa, akamfungua mtoto kwa siri kule nyuma ya tembe. Bibi akamkuta. Hakumgombeza. Akamwambia, "Mwanangu, mimi mama yangu hakunifunga," akamfunga tena.

Kila asubuhi Bibi alimkalisha Salima mbele ya ungo. Alimmwagia karanga humo. Sheria ilikuwa fupi, utakayoiokota kwa jicho hilo ni yako, kula. Mwanzoni mtoto alipapasa tu. Akipapasa, Bibi anautikisa ungo zinahama. Baadaye akaanza kuziona zikiwa karibu na pua. Baadaye kwa urefu wa mkono. Karanga zikaisha zile kubwa, wakahamia kuchambua mawe kwenye uwele. Mtu aliyewahi kuchambua mawe kwenye uwele anajua hiyo si kazi ya jicho lililolala.

Miezi mitatu toka afungwe la kulia ilipotimia, tukapanda lori tena, sisi watatu.

Sista akamziba Salima jicho la kulia kwa kadi. Salima hakuisukuma. Sista akasimama upande wa pili wa chumba, akanyanyua vidole.

"Vitatu," akasema Salima. Kisha, bila kuulizwa, "na una kitundu kwenye soksi."

Yona akatafsiri hilo nalo. Sista akatazama soksi yake.

Akasema jicho limeamka. Si sawa na mwenzake, na huenda lisifike, maana wiki zile tisa zilikula sehemu yake. Lakini linaona na litaendelea kuona kama tutaendelea kwa saa atakazotupangia. Kupinda kwenyewe kutapungua kidogo tu. Akatuambia tulenge kuona kwanza, sura baadaye. Alimwandikia miwani, ikaja kwa treni baada ya muda mrefu sana.

Tulipokuwa tunanyanyuka, Bibi hakunyanyuka. Akamwambia Yona, "Mwulize na hili langu."

Sista akammulika. Akatazama muda mrefu, akamziba, akamwonyesha vidole, karibu, karibu zaidi. Akasema si mtoto wa jicho, si uzee. Ni lile lile la mjukuu, limelala toka utotoni. Mara nyingi linakwenda kwa ukoo.

Bibi akauliza kama akilifunga zima, kila siku, na ungo, hili litaamka.

Sista akatikisa kichwa kabla Yona hajamaliza kutafsiri.

"Angenifunga lini?" Bibi akauliza. "Mama yangu."

Yona akajibu mwenyewe, bila kumwuliza Sista. "Ukiwa kama huyu, bibi."

Bibi akamtazama Salima, ambaye alikuwa ameshuka kwenye kiti anachungulia chini ya kabati. Akatengeneza kaniki yake begani. Kisha akamgeukia Yona.

"Mbona leo hunitanii?"

Yona akasema, "Leo sina, bibi."

Tukashuka mlima.

Huo ndio mkasa wenyewe, wakuu. Salima yupo hai, ana wajukuu, anaishi Utemini, pale Singida mjini. Jicho bado linavutwa kidogo akichoka, na anaona kwa yote mawili. Bibi Mwajuma alifariki zamani. Yona alikuja msibani, na alifanya yote ambayo mtani hufanya, na zaidi kidogo.

Nilichojifunza, kwa yule mama aliyeuliza jana na wengine:

Makengeza ya mtoto hayasubiriwi. Kichanga wa wiki chache macho yake kuhangaika si ajabu, lakini akishapita miezi minne na bado jicho linapinda, mpeleke kwa wataalamu wa macho. Ukiona weupe ndani ya mboni, hata kwenye picha ya simu, nenda siku hiyo hiyo. Wapo watoto wanaoonekana wana makengeza kumbe ni umbo la pua tu. Hilo nalo aseme mtaalamu, asiseme jirani.

Mtoto hawezi kukuambia haoni kwa jicho moja. Kwake hivyo ndivyo dunia ilivyo. Mzibe moja moja, mtazame. Akigombea moja tu lisizibwe, una jambo la kupeleka hospitali.

Usimfunge jicho kwa kusoma kisa changu. Kufunga kuna saa zake na kila mtoto hupangiwa zake, ukizidisha unaweza kuliumiza hata hilo zima. Siku hizi kuna miwani, kuna upasuaji, watapima wenyewe.

Na ukipewa maelekezo hospitali yakakuchekesha, rudi uulize tena. Muulize mtu ambaye hamtaniani.

Kabla hujaandika komenti, ziba jicho moja usome mstari huu. Kisha lingine. Halafu utuambie umeona nini, na kama kwenu kuna mtoto aliyefungwa, lilikuwa lipi na mliendaje naye. Mwenye mafuta naye anakaribishwa, ila aanze kujipima.